Dawa ya deni ni kulipa, lakini uanze na lipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu madeni, kwa hiyo ukurasa mzima tumeuachia suala hilo. Majina ya waandishi tumeyaficha. Majibu ni ya wanajopo wetu wa mikopo na sheria za madeni, kwa Tanzania na Kenya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Mshahara wa msingi ni sh. 900,000, lakini baada ya kodi, mfuko wa hifadhi, bima, Bodi ya Mikopo na mkopo wa benki, mkononi inabaki sh. 310,000. Nje ya benki nina kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) wa sh. 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na mkopeshaji anakaa na kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Nina mikopo mitatu ya simu, jumla sh. 180,000. VICOBA (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) wananidai sh. 400,000, na shemeji sh. 150,000. Wa mikopo ya simu wananipigia kutwa nzima. Nianze na nani?

Mwalimu, usianze na anayepiga simu sana. Kelele za mdai na hatari ya deni ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huzama kwa sababu kila senti wanayoipata wanampa anayewasumbua zaidi, huku deni linalowala kweli likiendelea kukua kimyakimya.

Chukua daftari, chora safu tano: anayekudai; salio la leo (si ulichokopa mwanzoni); riba au ada ya mwezi kwa shilingi, si kwa asilimia; tarehe ya kulipa; na safu ya mwisho, ambayo ndiyo itakayokupa jibu: nikishindwa, huyu anaweza kuchukua nini? Jaza kila deni, hata la shemeji. Nje ya benki utaona jumla ya sh. 1,230,000. Na utaona jambo jingine: kausha damu peke yake anakula sh. 100,000 kila mwezi kabla deni halijapungua hata shilingi moja. Miezi mitano umelipa laki tano, na bado unadaiwa laki tano ileile.

Linganisha na sheria. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hii yuko daraja la pili na lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Ukomo wa riba uliowekwa kwa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, laki tano zako zingezaa riba ya sh. 17,500 mwezi wa kwanza. Ukilipa laki moja kila mwezi, mwezi wa sita unamalizia kama sh. 59,600 na deni limekwisha. Fedha ni zilezile unazotoa leo.

La kwanza basi, rudisha mshahara wako mikononi mwako. Nenda benki na kitambulisho cha NIDA, uombe kadi ya zamani ifungwe, upewe mpya na namba ya siri mpya. Kadi ni mali ya benki, na masharti ya akaunti yanakukataza kumpa mtu mwingine namba ya siri, kwa hiyo si dhamana halali. Fanya hivyo siku kadhaa kabla ya mshahara kuingia, si siku yenyewe. Kufunga kadi hakufuti deni. Kunamwondolea mkopeshaji uwezo wa kujilipa anavyotaka, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kabla ya kwenda kuzungumza, chapisha miamala yote uliyomtumia, au taarifa ya benki inayoonyesha alichotoa kwenye akaunti. Mwandikie barua fupi: nilipokea kiasi hiki tarehe hii, nimelipa kiasi hiki, naomba salio lihesabiwe upya kwa riba ya kisheria, na nitalipa kiasi fulani kila tarehe fulani. Nakala ibaki kwako. Akikataa, au kama hana leseni, peleka malalamiko Benki Kuu na nakala kwa afisa anayeshughulikia huduma ndogo za fedha kwenye halmashauri yako. Na akikuletea karatasi mpya, isome kila mstari. Ujanja uliozoeleka ni kumsainisha mkopaji hati ya mauziano ya kiwanja, pikipiki au samani badala ya mkataba wa mkopo, wakati mwingine ikiwa na nafasi tupu za kujazwa baadaye. Ukisaini hiyo, siku ya kesi atasema hakukukopesha, alinunua.

Benki inaweza kusaidia, ila kwa masharti. Mtumishi wa umma anapaswa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako sh. 300,000. Nafasi iliyobaki ni sh. 10,000 tu kwa mwezi, kwa hiyo mkopo wa nyongeza utawezekana kwa kurefusha muda wa mkopo wote. Kwa kawaida tunawashauri watu waukwepe, maana unaanza upya miaka uliyokwisha kuimaliza. Hapa una faida. Chukua mfano wa sh. 680,000, yaani kausha damu na mikopo ya simu, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa miaka mitatu: riba yote ni kama sh. 180,600. Kausha damu anakula zaidi ya hiyo kwa miezi miwili. Lakini omba kiasi hicho tu, hata afisa mikopo akikwambia unastahili milioni tatu. Uliza ada ya uchakataji na bima vinakatwa kiasi gani, kwa sababu ukiomba 680,000 unaweza kukuta zimeingia 640,000. Na siku fedha zikiingia, walipe wadai siku hiyohiyo na uchukue risiti. Mkopo wa namna hii huharibika pale sehemu yake inapogeuka ada ya shule au bati za nyumba, ukabaki na deni jipya na la zamani pamoja.

VICOBA wafuate pili, kwa sababu dhamana yao ni wenzako. Usijifiche siku ya kikao. Mwone mwenyekiti na mweka hazina kabla, uulize kama hisa zako zinaweza kukatwa kupunguza mkopo, kisha weka ahadi ndogo unayoiweza. Mikopo ya simu iandikie kila mmoja kwa njia yao rasmi uombe adhabu isimame na ulipe kwa vipande, ukianza na wenye salio dogo zaidi ili idadi ipungue. Angalia pia kama hiyo apu inaruhusiwa: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na apu 69 za mikopo zisizo na kibali. Usikope apu moja kulipa nyingine, hata kwa siku mbili. Shemeji mpigie wewe kwanza, umwambie mwezi utakaoanza kumlipa. Mdai wa familia huumia zaidi kwa kunyamaziwa kuliko kwa kucheleweshewa.

Naendesha boda Mombasa. Nina Fuliza (mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha) ya sh. 6,000 na apu nne, jumla sh. 23,000. Apu moja imewapigia wakwe zangu na mwenyekiti wa steji ikinitukana. Naambiwa nitawekwa CRB (ofisi za kutunza rekodi za wakopaji). Nikibadilisha laini nitapona?

Hapana, kaka. Deni limeandikwa kwa kitambulisho chako, si kwa laini. Ukitupa laini unapoteza rekodi ya malipo uliyokwisha kufanya, ambayo ndiyo ushahidi wako.

Kuhusu kupigiwa wakwe: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Tazama kwanza kama apu hiyo imo kwenye orodha ya waliopewa leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kisha kusanya ushahidi: picha za skrini za ujumbe, namba iliyopiga, tarehe na saa, na maelezo mafupi ya wakwe na mwenyekiti kuhusu walichoambiwa. Peleka Benki Kuu, na pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa sababu majina kwenye simu yako ni taarifa binafsi za watu wengine ambao hawakukopa chochote. Ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee apu ruhusa ya kusoma majina na ujumbe. Majina iliyokwisha kuyachukua hayatarudi, ila haitapata mapya. Kuifuta apu kabla ya kuhifadhi salio na tarehe za mkopo ni kosa linalorudiwa sana.

Sasa Fuliza. Kila unapoitumia unatozwa asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, na kuna ada ya kila siku juu yake hadi ulipe. Kila pesa inayoingia M-Pesa inakatwa kwanza kulipa deni, ndiyo maana unajikuta huna ya mafuta, unafuliza tena jioni ileile. Mtu anayefuliza sh. 2,000 kila siku ya kazi, siku 26, analipa sh. 520 kwa mwezi kwa ile asilimia moja tu, kabla ya ada za siku. Njia ya kutoka ni kuutenga mtaji wa siku: weka sh. 500 au 600 za mafuta taslimu, zisiingie kwenye simu kabisa, na abiria wachache wa mwanzo wakulipe taslimu. Malipo ya baadaye yaache yaingie M-Pesa yapunguze deni. Likiisha, jitoe Fuliza kupitia *234#. Usibaki nayo eti ya dharura. Kwa mtu anayelipwa kila siku, kila jioni itaonekana dharura.

CRB isikukoseshe usingizi. Mkopeshaji anatakiwa kukupa taarifa siku 30 kabla ya kukuorodhesha kuwa umeshindwa kulipa, na siku hizo zitumie kukubaliana naye. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila ofisi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Isome. Mara nyingine utakuta deni ulilolilipa bado linaonyeshwa liko wazi. Hapo unawasilisha pingamizi pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Deni ulilolilipa baada ya kushindwa hubaki kwenye historia kwa miaka mitano, lakini likisomeka kuwa limelipwa, mkopeshaji analitazama tofauti kabisa na lililoachwa.

Mume wangu aliweka nyumba yetu ya Mwanza rehani kwa mkopo wa biashara. Miezi minne hatujalipa, na sasa benki imeleta notisi ya siku 60. Sikumbuki kusaini chochote. Tukimbilie mahakamani?

Mama, kwanza andika tarehe mliyopokea notisi, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Chini ya Sheria ya Ardhi, notisi inapaswa kueleza mmekosea wapi na mfanye nini kurekebisha. Siku 60 zinatosha kuokoa nyumba kama wiki mbili za mwanzo zikitumiwa vizuri. Wengi huzitumia kubishana nyumbani, kisha siku ya 58 wanatafuta wakili.

Wiki ya kwanza, ombeni benki taarifa kamili ya mkopo inayotenganisha mtaji (fedha zenyewe mlizokopa), riba na adhabu. Linganisheni na risiti zenu. Wiki ya pili, pelekeni barua ya kuomba mkopo upangwe upya: muda uongezwe, adhabu zisamehewe au zisimamishwe, na pengine miezi mitatu mlipe riba tu. Ambatanisheni mauzo ya biashara ya miezi sita iliyopita, hata kama ni mabaya, na mlipe chochote siku hiyo. Benki inayoona malipo, hata madogo, ina sababu ya kumwandikia mkubwa wake kwamba mteja huyu asubiriwe. Bila malipo, barua yenu ni maneno tu.

Kuhusu saini: nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Hilo liko katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ndoa pia. Ombeni nakala ya fomu ya ridhaa. Kama kuna saini isiyo yako, au mumeo aliapa kwamba hana mke, mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria sasa hivi, kabla ya mnada. Mahakama itauliza kama benki ilichukua hatua za kutosha kujua kwamba mwombaji ana mke, kwa hiyo cheti cha ndoa na ushahidi kwamba unaishi hapo vina uzito mkubwa. Lakini kama ulisaini ukasahau, usijenge kesi juu ya hilo. Zuio la mahakama ni la muda, na riba inaendelea kukimbia wakati kesi inaahirishwa.

Mkiona kabisa hamtaweza, uzeni wenyewe kwa idhini ya benki, mnunuzi alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo na salio liwe lenu. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu watu huliona kama kushindwa, kumbe ndilo linalobakiza fedha za kuanzia upya. Kwenye mnada mnalipia gharama za dalali, na wanunuzi huja wakijua muuzaji amebanwa. Mnada wa nyumba unatakiwa kutangazwa hadharani angalau siku 14 kabla, na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri: ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa hadi benki ithibitishe vinginevyo. Kwa sababu hiyo, pateni ripoti ya mthamini aliyesajiliwa mapema. Bila hiyo hamtakuwa na cha kulinganisha.

Mkopeshaji anasema atanipeleka polisi nifungwe. Inawezekana? (Kigoma)

Kushindwa kulipa mkopo si jinai. Ni shauri la madai, na njia yake ni mahakama, si kituo cha polisi. Baada ya hukumu, mdai anaweza kuomba mali au sehemu ya mshahara wako vikamatwe, na anaweza pia kuomba ufungwe kama mfungwa wa madai. Muda wake hauzidi miezi sita, na mdai mwenyewe ndiye anayegharamia chakula chako gerezani. Mahakama hukupa kwanza nafasi ya kujieleza, na mtu anayeonyesha kwamba hana uwezo lakini analipa kidogo kidogo huwa na hoja nzuri. Kwa hiyo ukiletewa wito wa mahakama, nenda. Madeni mengi madogo huwa makubwa kwa hukumu ya upande mmoja. Tofauti ni pale palipo na udanganyifu, kama kutumia hati bandia kupata mkopo. Hiyo ni jinai.

Nauza nguo sokoni Arusha. Taasisi mbili zinanipa milioni moja kwa miezi 12, zote asilimia 3 kwa mwezi, lakini rejesho ni tofauti. Kwa nini?

Moja inahesabu riba juu ya milioni nzima hadi mwezi wa mwisho: sh. 30,000 mara 12, riba sh. 360,000, rejesho kama sh. 113,300. Nyingine inahesabu juu ya salio linalobaki: rejesho kama sh. 100,500, riba yote kama sh. 205,500. Usiulize asilimia ngapi. Uliza: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na hadi mwisho nitakuwa nimelipa jumla ngapi?

Nimepoteza kazi Nakuru. Nadaiwa sh. milioni 1.3 na benki na apu, sina shamba wala gari. Nitatokaje?

Kenya ina mlango ambao wadaiwa wengi hawaujui. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inatoa njia tatu za mtu binafsi kabla ya kutangazwa mufilisi. Ya kwanza ni makubaliano ya hiari na wadai chini ya msimamizi. Ya pili ni amri ya kulipa kwa mafungu, inayomfaa mwenye kipato kidogo cha uhakika. Ya tatu ni utaratibu wa mdaiwa asiye na mali: deni lote liwe kati ya sh. 100,000 na milioni 4, usiwe na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na usiwe umewahi kuutumia. Unaomba kwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi. Ukikubaliwa, wadai husimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni yaliyomo hufutwa. Matunzo ya mtoto hayafutwi, wala deni lililopatikana kwa ulaghai. Ukificha mali utaondolewa, na ukikopa kiholela ndani ya mwaka huo unajiingiza kwenye kosa. Na kumbuka kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo wa benki ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba ambayo benki inaweza kukudai haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa umebaki siku hiyo. Omba taarifa ya akaunti uone kama benki imevuka hapo.

Nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu SACCOS, kaacha kazi na kuhama. Wanakata akiba yangu. Nina haki gani? (Dodoma)

Kisheria mdhamini anawajibika kama mkopaji mwenyewe, hivyo SACCOS haijakosea kukufuata. Unachoweza kudai ni mpangilio. Andika barua kwa bodi uombe akiba, hisa na mafao ya kuachia kazi ya mkopaji vikatwe kwanza, kilichobaki kigawanywe kwa wadhamini wote, si wewe peke yako kwa kuwa uko karibu. Omba taarifa ya maandishi ya kila kiasi kinachokatwa kwako. Ukimlipia, deni hilo linakuwa lako dhidi yake: taarifa hiyo, fomu ya udhamini na nakala ya mkataba wake wa mkopo vinatosha kufungua madai Mahakama ya Mwanzo ya mahali anapoishi sasa.